Mama Kiduchu na Plagi za Chini ya Bahari

Kuna watu ukiwakuta kazini unajikuta umenyamaza bila kuambiwa. Mama Kiduchu alikuwa wa aina hiyo. Karakana yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya kituo cha utafiti wa bahari, baada ya stoo ya makoti ya mvua, mkabala na choo ambacho mlango wake haukuwahi kufunga sawasawa. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa mpira mweusi, taa nyeupe yenye shingo ya kupinda, stuli iliyochakaa upande mmoja, na kabati la droo ndogondogo ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mkurugenzi wa kituo alizigusa siku moja akitafuta betri ya rimoti. Alifukuzwa kama kuku jikoni, na hakurudia tena.

Kazi yenyewe, ukiieleza harakaharaka, mtu anapiga miayo. Watafiti wanataka kujua maji ya kilindini yana joto gani, yana chumvi kiasi gani, na mkondo unaelekea wapi. Basi wanachukua fremu ya chuma yenye urefu wa kitanda, wanaifunga vyombo vya kupimia, wanaishusha hadi sakafu ya bahari na kuiacha huko mwaka mzima. Vyombo hivyo vinataka umeme, umeme unapita kwenye kebo, na kila kebo ina plagi huku na huku. Plagi ya mpira mgumu mweusi, nene kuliko dole gumba, yenye vipini, yaani vijiti vya shaba vinavyoingia kwenye matundu ya plagi pacha yake. Hapo ndipo penye balaa. Chombo kinaweza kuwa na akili kuliko mimi na wewe tukichanganywa, lakini tone moja la maji ya chumvi likipenya kwenye plagi, vipini vinaota ukijani, umeme unapotea njia, na kazi ya mwaka mzima inakwenda na maji.

Mama Kiduchu alilipwa mshahara ili tone hilo lisipate mlango. Kwa zaidi ya miaka ishirini alizisafisha plagi hizo, akazikagua, akabadilisha vipete vya mpira vinavyoziba njia ya maji, akakata kebo zilizochoka na kuziunga upya. Kabla ya hapo alikuwa fundi redio katika duka la mjomba wake. Alikuja kituoni kutengeneza redio ya kuitia meli, akaona plagi imelala mezani, kijani tupu, akauliza, "Hii nani kaitesa hivi?" Hawakumwacha aondoke.

Jina lake alilipata kwa sababu ya grisi. Plagi za majini hupakwa grisi laini, na watu wengi wanadhani ukizidisha ndiyo umependa. Mwaka mmoja fundi wa muda alizionea huruma plagi zilizokuwa zinakwenda kilindini, akazijaza grisi mpaka kwenye matundu. Grisi ikijaa tundu, kipini hakifiki mwisho. Plagi inasimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Juu ya meza taa iliwaka, mita ikasoma vizuri, watu wakapongezana. Chini, maji yakaingia siku za mwanzo tu. Fremu ilipopandishwa baada ya miezi mingi, kilichorekodiwa ni ukimya. Tangu hapo Mama alisimama nyuma ya kila aliyeshika kopo la grisi na kumkoromea, "Kiduchu! Nimesema kiduchu!" Wengine walimwita mkono wa birika. Hakujali.

"Kwenye ukavu kila kitu kinafanya kazi," aliwaambia. "Hata mimi."

Ungemwona akiunganisha plagi moja, ungedhani anamvisha mtoto. Kwanza alisafisha vipini kwa pamba na spiriti, kimoja kimoja. Kisha akachukua kipete cha mpira, akakipitisha kati ya dole gumba na kidole cha shahada, macho yamefumbwa, akikizungusha polepole. Unywele mmoja ukishikamana na kipete, au mkwaruzo ambao hata lenzi imeuruka, vidole vyake viliukamata. Halafu grisi, kiduchu, kwenye mashina ya vipini tu. Kisha akasukuma plagi moja kwa moja bila kuipinda, na ilipofika mwisho akaubana ukosi wake wa mpira kwa vidole viwili ili hewa iliyonaswa ndani itoke. Hewa ikibaki, uzito wa maji huko chini utaiminya na kuacha nafasi, na maji yataitaka nafasi hiyo. Hewa hiyo ilipotoka, ilimsukuma kidogo kwenye ncha za vidole, pumzi ndogo mno. Mwenyewe aliita kucheua.

"Kama haijacheua, hujamaliza," alisema.

Kuchomoa nako kulikuwa na adabu yake. Unashika mwili wa plagi, si kebo, unavuta bila kuitikisatikisa kama jino la mtoto. Aliyevuta kwa kebo mbele yake alijuta kuzaliwa siku hiyo.

Basi fikiria mtu wa namna hii, ambaye elimu yake yote imekaa kwenye ncha za vidole, vidole vianze kufa ganzi.

Ganzi ilianza kwenye dole gumba la kulia, ikahamia kwenye vidole viwili jirani. Mwanzoni aliukung'uta mkono na kuendelea. Alisema ni baridi, akasema ni umri, akasema amelalia mkono. Alikuwa na majibu mengi, na yote alijipa mwenyewe, maana hakuna mtu mwingine aliyeuliza.

Aliyegundua ni mumewe. Huyu alikuwa fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache, aliyegeuza sebule yao kuwa kiwanda: cherehani dirishani, suruali za watu zimening'inia kwenye kamba, na vipande vya vitambaa mpaka chini ya kochi. Watoto wao walikuwa wamekwishaondoka kuanza maisha yao. Chumba cha uani alikaa dada yake mume, yaani wifi yake Mama Kiduchu, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi wa wembe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mama Kiduchu alikuwa amesimama katikati ya sebule na kikombe cha bati chenye chai iliyotoka jikoni dakika hiyohiyo, akisimulia habari za ofisini, amekikumbatia kikombe kwa vidole vya mkono wa kulia. Mvuke ulikuwa unampanda mpaka kidevuni. Mumewe akasimamisha cherehani.

"Mama watoto, weka chini hicho kikombe."

"Kwa nini? Sijamaliza kunywa."

"Kinaunguza."

"Hakiunguzi."

"Kiweke."

Alikiweka. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimeiva nyekundu. Wote wawili walizitazama. Mumewe alivuta stuli, akamkalisha, akakata uzi mweupe kwa meno kama alivyozoea.

"Fumba macho. Nikiuweka uzi kidoleni, niambie ni kidole kipi."

Alifumba. Alisubiri. Nje jirani alikuwa anafua, maji yanamwagika kwenye saruji.

"Haya, weka basi," Mama Kiduchu alisema.

Alipofumbua macho aliukuta uzi umelala kwenye vidole vyote vitatu kwa pamoja, na mumewe ameshika ncha yake huku ameangalia pembeni.

Hospitali hawakuzunguka. Daktari alimgongagonga kwenye kifundo cha mkono, akaukunja mkono, akaukunjua, akasema neva imebanwa hapo kwa sababu ya miaka ya kubana na kuvuta vitu vidogo kwa nguvu. Tiba ilikuwapo: kupasuliwa kidogo, kisha mkono upumzike muda mrefu. Je, hisia zitarudi? Zinaweza kurudi zote, daktari alisema, na zinaweza kurudi nusu. Hakuweza kuahidi. Mama Kiduchu alimshukuru, akasema atakuja baada ya safari.

Maana kulikuwa na safari. Meli ya utafiti ilikuwa inajiandaa kwenda kushusha fremu mbili, zote za mtafiti mmoja ambaye kila mtu alimwita Dokta. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, anayesahau kula akiwa kazini. Kwa miaka alikuwa akipima maji ya sehemu mbili zilezile za kilindi ili ajue kama mkondo unabadilika, na kipimo cha aina hiyo kina wivu mbaya: ukikosa mwaka mmoja, mnyororo umekatika, hakuna wa kurudi nyuma kuupima mwaka uliopita. Dokta alimwamini Mama Kiduchu kuliko alivyoamini mita. Alikuwa akipita karakanani asubuhi na kuuliza, "Mama, zimecheua?" Akijibiwa zimecheua, alikwenda zake hana wasiwasi tena.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba vidole vimekufa? Na ukimwambia, wewe mwenyewe utabaki nani? Mama Kiduchu aliiogopa siku ya kukabidhi ufunguo wa kabati lile la droo kuliko alivyoogopa kisu cha daktari. Alimwomba mumewe asimwambie mtu.

"Mimi sisemi," mumewe alijibu, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Lakini wewe utasema."

"Safari hii moja tu."

"Nimesikia. Utasema."

Alimkasirikia siku mbili nzima, kwa sababu mwanaume huyo akishasema jambo kwa upole hivyo, huwa limekwisha.

Lakini usidhani alikwenda kazini kubahatisha. Huyo hakuwa Mama Kiduchu. Alikaa kwenye stuli yake, akaanza kutafuta sehemu nyingine ya mwili inayoweza kufanya kazi ya vidole. Alijaribu mkono wa kushoto. Ulikuwa mzima lakini mjinga, haukuwahi kufundishwa. Alijaribu shavu. Mwisho alijaribu mdomo wa chini, na hapo akapata. Kipete kikavu, kabla ya grisi, akikipitisha kwenye mdomo wa chini polepole aliusikia hata unyuzi wa pamba. Alibeba vipete vibovu nyumbani kwenda kujifundisha, na wifi yake akamfuma uani.

"Wifi, makubwa! Kaka yangu yuko hapo ndani mzima wa afya, wewe unabusu mipira?"

"Mpira haujibu maneno, wifi. Ndiyo raha yake."

Walicheka mpaka wakashikana. Kisha Mama Kiduchu, bila kupanga, akalia, na wifi mtu yule mwenye ulimi wa wembe hakuuliza hata swali moja. Alimshika mkono wa kulia akaukanda mpaka kivuli kikahama ukutani.

Ilibaki hewa. Hewa inatoka ndani ya plagi iliyokwisha kufungwa, mdomo hauna nafasi hapo. Lakini aligundua kwamba hewa ikitoka ina sauti, kiduchu, kama mtu anayebandua midomo. Akiinamisha sikio hadi likaribie ukosi wa plagi, akausukuma na kuubana, aliisikia. Basi aliufunga mlango wa karakana, akaomba makelele ya korido yapungue, akaziunganisha plagi za fremu zote mbili kwa mdomo na sikio. Zilichukua muda mara tatu ya kawaida. Alizipima kwa mita ya umeme, akazitumbukiza kwenye pipa la maji ya chumvi usiku kucha, akazipima tena. Zilikuwa safi. Dokta alipopita akauliza swali lake, Mama alijibu zimecheua, na alikuwa anasema kweli.

Tatizo ni plagi ya mwisho. Kila fremu ina plagi moja ambayo haiunganishwi karakanani, nayo ni ya betri. Ukiiunganisha tu, vyombo vinaamka na kuanza kurekodi na kula umeme, kwa hiyo huachwa mpaka fremu iko sitahani, inakaribia kuning'inizwa. Plagi hiyo huunganishwa palepale, upepo unapuliza, watu wamesimama. Hakuna pipa la chumvi wala kusubiri kesho. Kwa miaka yote Mama Kiduchu ndiye aliyeiunganisha, na hakuwahi kuitilia maanani. Ilikuwa kama kufunga kifungo cha mwisho cha shati.

Walifika mahali pa fremu ya kwanza kabla ya mchana. Bahari ilikuwa na mawimbi mafupi yenye hasira. Kwenye kreni alikaa mwanaume mnene, mshika kreni wa siku nyingi, waliyemwita Bwana Upesi kwa sababu neno hilo halikumwisha mdomoni. Alitaka kula upesi, kulala upesi, kushusha upesi. Nahodha alisimama kwenye ngazi akiitazama bahari kwa jicho la mashaka.

Mama Kiduchu alipiga magoti kando ya fremu. Kipete alikipitisha mdomoni. Kilikuwa safi, na aliyeona alidhani anajifuta jasho. Alipaka grisi. Alisukuma plagi mpaka mwisho. Akainama, akaweka sikio kwenye ukosi, akabana.

Hakusikia kitu. Kreni ilikuwa inanguruma mita chache kutoka kichwani pake, injini ya meli inatetemesha sitaha, upepo unapiga kelele kwenye nyaya. Alibana tena. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Alisoma mita: safi. Lakini hapo walikuwa kwenye ukavu, na alijua vizuri ukavu unavyosifia kila kitu.

"Tayari?" Bwana Upesi alifoka kutoka juu. "Upesi, Mama, bahari inatuchokoza!"

Mama Kiduchu akasikia kichwa chake kimeinama: ndiyo. Hakukiamuru. Kiliinama chenyewe kwa mazoea ya miaka. Alikaza pete ya kufungia plagi, akarudi nyuma, na kreni ikaanza kunyanyua. Fremu ikaacha sitaha, ikaelea, ikavuka ukingo, ikaning'inia juu ya maji.

Dokta alikuwa amesimama karibu naye, mikono kifuani, anatabasamu. Alikuwa hajala kitu tangu asubuhi.

"Simama!" Mama Kiduchu alipiga kelele. "Rudisha! Rudisha sitahani!"

Bwana Upesi akadhani mtu amebanwa. Aliirudisha fremu kwa kasi ambayo hata yeye hakuwa ameizoea. Nahodha akashuka ngazi mbili mbili.

"Mama, kuna nini? Nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia."

"Sasa?"

Alisimama mbele yao, mabaharia na watafiti, mpishi amechungulia mlangoni na mwiko mkononi. Angeweza kusema plagi ina uchafu. Angeweza kusema kebo imejikunja. Wangemwamini, walikuwa wamemwamini kwa mambo makubwa zaidi. Alipiga moyo konde.

"Vidole vyangu havisikii," alisema. "Hivi vitatu. Vimekufa ganzi, nina miezi navyo. Karakanani nilikuwa nasikiliza hewa kwa sikio, na zile zote ziko sawa, naapa. Lakini hii hapa sikuisikia. Kreni inanguruma. Nimeitikia tu, sijui kama imecheua au haijacheua."

Alipiga magoti, akafungua pete, akaichomoa plagi moja kwa moja, akaiinua kwenye mwanga. Alama ya grisi ilikuwa imefika mwisho kabisa wa vipini, imezunguka pande zote, haijaacha hata pengo la hewa. Plagi ilikuwa imekaa vizuri mno. Bwana Upesi, aliyekuwa ameshuka kwenye kreni na sasa anachungulia juu ya bega lake, akaguna.

"Kumbe ilikuwa sawa! Tumerudisha bure!"

"Ilikuwa sawa," Mama Kiduchu alisema. "Mimi sikujua kama ilikuwa sawa."

Uso ulikuwa unamwaka moto kwa aibu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakukuwa hata na kosa la kuwaonyesha. Kama angekuta tone la maji, au unyuzi, angalau wangeona alichowaokolea. Hakukuwa na kitu. Alikuwa amewasimamisha watu wote hao, akajivua nguo mbele yao, kwa ajili ya plagi nzima.

Dokta alipiga magoti upande wa pili. Alivua glavu.

"Nifundishe," alisema.

"Dokta, hii si kazi ya kujifunza kwa siku moja."

"Najua. Ila leo vidole vyangu vinasikia. Niambie nitafute nini."

Basi walifanya hivyo. Mama Kiduchu aliisafisha upya, akapaka kiduchu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Dokta. Alimwongoza kusukuma, akamzuia asiipinde plagi, akamweka vidole kwenye ukosi. "Bana. Si huko, nyuma kidogo. Tena." Dokta alibana, macho yamefumbwa, nywele zinampiga usoni. Kisha macho yakafunguka yakawa makubwa.

"Oo!"

"Ilikuwaje?"

"Kama... kama kitoto kimecheua begani."

"Ndiyo yenyewe," Mama Kiduchu alisema, na hapo akatambua jinsi alivyokuwa ameikumbuka pumzi ile.

Fremu ya kwanza ilishuka. Nahodha hakusema la zaidi ya "haya, tuendelee," na Bwana Upesi hakusema chochote, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mchana ule Mama Kiduchu alikaa chumbani kwake ndani ya meli akizipanga zana zake kwenye boksi, kila kitu na mahali pake, jinsi unavyopanga vitu unavyotaka mwingine avikute vizuri. Alitenga kopo la grisi, lenzi, koleo ndogo, ufunguo wa kabati. Alijiambia kwamba kesho Dokta ataunganisha plagi ya pili, amekwishafundishwa, na yeye atasimama pembeni kama abiria. Ni haki. Alikuwa ameyasema kwa mdomo wake mwenyewe. Hata hivyo ufunguo ule aliushika muda mrefu kabla ya kuuweka juu ya vingine.

Asubuhi ilikuja na bahari iliyotulia. Walifika mahali pa pili. Fremu ilikuwa tayari imevutwa chini ya kreni, kamba zimefungwa, plagi ya betri inaning'inia wazi. Mama Kiduchu aliliweka boksi lake miguuni pa Dokta, akaupapasa ufunguo mfukoni, akatafuta maneno.

"Vyote vimo," alisema. "Anza na pamba."

Dokta aliliangalia boksi, kisha akaitia mikono yake yote miwili ndani ya mifuko ya koti.

"Mikono yangu leo iko likizo," alisema.

"Dokta, acha utani. Nimekwambia jana sisikii."

"Ulisema husikii kwa sababu kreni inanguruma."

Kabla hajajibu, kelele juu ya kichwa chake ikakohoa mara mbili na kukatika. Bwana Upesi alikuwa ameizima kreni. Alikuwa amekaa palepale kitini mwake, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeambiwa atulie. Kisha mtetemo wa sitaha nao ukaisha, kwa sababu nahodha, kule juu, alikuwa amezima injini ya meli. Bahari ilikuwa shwari, na dakika chache za kuelea zisingemuua mtu. Mpishi aliacha kugonga vyungu. Baharia mmoja aliyekuwa anaburuta mnyororo aliukalisha sitahani pingili kwa pingili, taratibu, kama anamlaza mgonjwa.

Ukabaki upepo kidogo, na maji yakilamba ubavu wa meli.

Mama Kiduchu alipiga magoti. Alisafisha vipini, akapitisha kipete mdomoni bila kujificha, akapaka grisi, akasukuma. Akainama mpaka sikio likagusa mpira wa baridi. Alibana ukosi kwa vidole asivyovisikia.

Akaisikia.

Alibaki ameinama hivyo hivyo, sikio kwenye plagi, machozi yanamdondokea kwenye chuma cha fremu. Neno imecheua alikuwa bado hajalisema. Hakuna aliyemuuliza, wala hakuna aliyekohoa. Kule juu Bwana Upesi alikuwa ameweka mkono wake kwenye swichi ya kreni, na mtu yule ambaye hakuwahi kumsubiri yeyote maishani mwake alimsubiri.